Namna ya Kumrudia Mshauri Uliyemdanganya

Daftari la usingizi lina safu nne: saa uliyopanda kitandani, saa unayodhani usingizi ulikuchukua, mara ulizoamka, na saa uliyoondoka kitandani. Linatakiwa kujazwa kila asubuhi, kabla kumbukumbu ya usiku haijachanganyika na mambo ya mchana. La kwangu nililijaza lote kwa mkupuo mmoja, siku saba ndani ya dakika kumi, nikiwa kwenye kiti cha dirishani cha kosta iliyokuwa inaondoka Usa River, kwa kalamu moja ya bluu na mwandiko ulioruka kila tulipopita tuta. Nilikuwa ninatoka Arusha kwenda Moshi kwa mshauri wangu wa saikolojia, safari ya kilomita zipatazo 80 ambayo nilijitwika mwenyewe, kwa sababu sikutaka kuonekana nikiingia ofisi ya namna hiyo katika mji ambao shemeji zangu wana maduka kila upande wa Soko Kuu. Kwa hiyo nililipa nauli, nikalipa kikao, nikaomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha jino, kisha nikampelekea mtu aliyetaka kunisaidia usingizi wa kubuni.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu ambaye tayari amekwisha kudanganya. Wanaotaka kuanza ushauri wameandikiwa mengi, nao huambiwa wawe wakweli kana kwamba ukweli ni kanga inayoning'inia mlangoni, ya kuchukua na kujifunga. Aliyekwisha kusema uongo mara nne au tano, na akasifiwa kwa uongo huo, ana shida nyingine kabisa: kila kikao kinachopita kinamwongezea jambo la kukanusha, hadi njia inayoonekana nyepesi kuliko zote ni kuacha kwenda. Mimi si mtaalamu. Ninayoyaandika nimeyajua nikiwa upande wa mteja, na machache nimeyapata kwa kusoma baadaye, nilipotaka kujua kama niko peke yangu.

Kwa nini tunamdanganya mtu tunayemlipa

Siko peke yangu. Mwaka 2016 Matt Blanchard na Barry Farber wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha utafiti waliofanya kwa watu 547 waliowahi kuwa wateja wa tiba ya mazungumzo, na asilimia 93 kati yao walikiri kuwa wamewahi kumdanganya mshauri wao. Uongo uliotajwa zaidi haukuwa wa mambo ya uchumba wala wa pesa, bali ulikuwa huu wa kawaida kabisa, wa kupunguza ukubwa wa maumivu, ambao zaidi ya nusu ya watu hao waliukubali. Karibu theluthi walificha mawazo ya kujiua. Na wengi, asilimia 72.6, walikuwa wamedanganya kuhusu tiba yenyewe: kwamba inawasaidia, kwamba wameyapenda maneno ya mshauri, kwamba walichelewa kwa sababu ya foleni. Hao walikuwa wateja wa Marekani, lakini niliposoma orodha ile niliona kama imeandikwa na mtu anayetoka Majengo au Ngarenaro.

Huku kwetu uongo huo una mlango wake maalumu, nao ni salamu. Mtu akikuuliza habari za tangu juzi, unajibu nzuri, hata kama umetoka kuzika. Wote tunajua kwamba habari yenyewe huja baada ya neno «ila»: nzuri, ila mtoto ana homa, nzuri tu, ila tumefiwa na mjomba. Ni utaratibu mzuri, maana unampa anayesikiliza nafasi ya kukaa sawa kabla ya kubebeshwa mzigo. Taabu yake ni kwamba katika chumba cha ushauri «nzuri» inaweza kuchukua dakika 45 nzima, na «ila» ikaja wakati umeshasimama, mkoba begani, mkono kwenye kitasa. Nimewahi kumwambia mshauri wangu jambo zito kuliko yote ya kikao nikiwa nimeshafungua mlango, na mteja mwingine ananitazama kutoka kwenye benchi.

Baada ya salamu kuna umri. Mshauri wangu ni mama wa makamo, muuguzi wa zamani, ninayemwamkia shikamoo na anayeniita mwanangu. Mtu uliyemwamkia shikamoo humwambii kwa urahisi kwamba umekopa kwa siri ya mume wako, wala kwamba ushauri wake wa wiki iliyopita haukukusaidia chochote. Kumkatalia mkubwa usoni ni utovu wa adabu, na kumwacha aamini kwamba amefaulu ni heshima. Ndivyo tulivyolelewa, na malezi hayo hayabaki nje pamoja na viatu. Uongo wangu mwingi ulikuwa adabu iliyopelekwa mahali pasipoihitaji.

Kuna pia woga wa kweli, ambao haufai kubezwa. Arusha na Moshi ni miji ambamo mhasibu wa shirika, mwalimu wa kwaya na jirani wa shemeji yako wanaweza kuwa mtu mmoja. Wengine wamewahi kukaa mbele ya mshauri nasaha wakati wa kupima virusi vya UKIMWI, wakaulizwa idadi ya wapenzi, na wakatoa idadi ambayo waliona haitamkunjisha uso anayeuliza. Walijifunza huko kwamba swali la ushauri lina jibu linalopendeza. Wengine wanaogopa Mirembe. Hospitali ile ya wagonjwa wa akili ya Dodoma imekuwapo tangu 1927, na kwa miaka hiyo yote jina lake limekuwa la utani na la matusi kiasi kwamba mtu akifikiria kusema «nimechoka kuishi» anajiona tayari yuko kwenye gari la kwenda huko. Na wengine wanaogopa polisi, jambo nitakalolirudia chini kwa sababu lina majibu.

Unavyojisikia

Nilidhani nitajisikia mwerevu, au angalau salama. Kilichotokea ni kwamba nilianza kusifiwa. Mama yule alipitisha kidole kwenye safu zangu za kubuni, akapiga hesabu ya saa za kulala ukilinganisha na saa za kukaa kitandani, akasema, «Umeona? Wiki ya kwanza ulikuwa na saa nne, sasa unakaribia sita. Unajitahidi sana, mwanangu.» Sifa ile ilipita pembeni yangu kama barua iliyoandikwa jina la mpangaji aliyehama. Nilitabasamu, nikashukuru, na ndani nikaona upweke ambao sijawahi kuuona hata usiku wa manane, kwa kuwa mtu pekee niliyekuwa nimemtafuta anisaidie alikuwa anazungumza na mwanamke mwingine, yule wa kwenye daftari, ambaye alikuwa anaendelea vizuri.

Halafu kuna kazi ya kukumbuka. Uongo kwa mshauri si kama uongo kwa mwenye nyumba, ambao unausema mara moja na kuondoka. Huyu ana faili. Kabla ya kila kikao nilikuwa napitia niliyoyasema, kuanzia Tengeru hadi Kikatiti, na kuanzia njia panda ya uwanja wa ndege nilikuwa natunga ya leo. Mara mbili niliamua kusema kweli. Nilikuwa nimejiandaa kabisa tulipofika Boma Ng'ombe, na tulipopita Kwa Sadala nilikuwa nimeshaghairi. Watafiti wa siri, akiwamo Michael Slepian wa Columbia hiyohiyo, wameonyesha kwamba kinachomchosha mtu si zile dakika chache za kuficha mbele ya mwenzake, bali ni kuirudia siri akilini anapokuwa peke yake. Mimi nilikuwa na kosta nzima ya kuwa peke yangu, kwenda na kurudi.

Na kilichonishangaza zaidi ni hasira. Nilianza kumchukia mama wa watu kwa kutougundua uongo wangu. Nilijiambia kwamba mtaalamu wa kweli angeona kalamu ni ileile na mwandiko ni uleule. Huo ni uonevu, lakini ni uonevu unaowapata wengi, na ukiuona kwako ujue unakuonyesha kwamba sehemu yako inataka kukamatwa. Usiisubiri ikamatwe. Uchambuzi wa Charles Bond na Bella DePaulo wa mwaka 2006, uliokusanya matokeo ya majaribio ya maelfu ya watu, ulikuta kwamba binadamu kwa wastani anatofautisha kweli na uongo kwa usahihi wa asilimia 54 tu, yaani sawa na kurusha shilingi mara mia na kuongeza bahati mara nne. Mshauri wako amesomea kusikiliza na kuelewa, hakusomea kupekua.

Kabla ya kurudi: chambua uongo wako

Kaa peke yako na karatasi moja, si simu, na ujibu maswali mawili: nilisema nini, na nilikuwa ninaogopa nini kingetokea kama nisingesema hivyo. Usiandike siri yenyewe kama unaogopa karatasi itaonekana. Andika woga tu. Mimi niliandika «daftari» na mbele yake nikaandika «ataona ninampotezea muda», na nilipoisoma sentensi hiyo niliona kwamba si jambo la usingizi hata kidogo.

Utenganishe uongo na faragha. Huna deni la kumwambia mshauri kila kitu, na kunyamazia jambo si kudanganya. Sikumweleza mama yule habari za dada yangu hadi leo, na sina nia ya kumweleza. Uongo unaodhuru tiba ni ule unaobadilisha kazi anayoifanya: umemwambia unalala, kwa hiyo ameacha kushughulikia usingizi, umemwambia hunywi, kwa hiyo anaitafuta sababu ya uchovu wako kwingine. Waswahili wana methali mbili kali hapa, mficha uchi hazai na mficha maradhi kilio kitamuumbua, na zote mbili nilitupiwa na shangazi yangu nikiwa msichana. Ni za kweli, lakini hutolewa kama vitisho, na aliyedanganya kwa sababu ya woga hasogezwi mbele kwa kuongezewa woga.

Kuna uongo ambao hausubiri maandalizi. Ukiwa unatumia dawa za sonona au za wasiwasi, na umemwambia daktari unazimeza kila siku ilhali umeziacha au unaziruka, mwambie mapema, hata kwa simu ya kituo, kwa sababu daktari anayeona dawa haifanyi kazi anaweza kuongeza dozi au kubadilisha dawa kwa kutegemea vidonge ambavyo viko kwenye droo. Vivyo hivyo kwa pombe. Mbege ya kwenye msiba ni pombe, na kusema «sinywi, labda mbege kidogo» huku ukimaanisha kila jioni ni kumfanya mtaalamu apime uzito wako ukiwa umeshika jiwe. Dawa nyingi za usingizi na za kutuliza hazipatani na pombe hata kidogo.

Ulizia mlango kabla ya kuufungua

Mteja ana haki ya kuuliza siri inaishia wapi, na kuuliza hakumfanyi ashukiwe. Uliza hivi, kwa maneno yako: nikikuambia jambo, nani mwingine analisoma faili langu? Linatunzwa wapi? Ni mambo gani utalazimika kuyatoa nje hata nisipotaka? Mshauri mzuri atajibu bila kuzungukazunguka kwamba kuna mipaka, na mipaka hiyo kwa kawaida ni hatari ya karibu kwa maisha yako au ya mtu mwingine, mtoto anayedhuriwa, na amri ya mahakama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki zake wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na mshauri ni mwanajamii. Upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti. Siri yangu, mkopo niliomficha mume wangu, haikuwa popote katika mipaka ile. Nilikuwa nimeilinda kwa wiki tisa dhidi ya hatari ambayo haikuwapo, na ningelijua hilo siku ya kwanza kama ningeuliza.

Sasa lile la polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalitaja jaribio la kujiua kuwa ni kosa, na ninaona kifungu hicho kinafanya madhara makubwa kuliko manufaa, kwa sababu kinamfunga mdomo mtu anayehitaji kusema. Lakini kisome vizuri: kinataja jaribio. Hakitaji kuwaza, wala kutamani kulala usiamke, wala kumweleza mtaalamu kwamba unawaza hivyo. Ukimwambia mshauri kwamba mawazo hayo yapo, jambo la kawaida analofanya ni kuuliza maswali: huja mara ngapi, kuna namna uliyoifikiria, kitu chenyewe kiko nyumbani, ni nani unaweza kumpigia usiku. Kisha mnapanga pamoja namna ya kuuvuka usiku wa leo. Watu wengi wenye mawazo hayo hutibiwa wakiwa wanaishi kwao. Na kama mawazo yamefika kwenye mpango, usisubiri siku ya kikao wala usisubiri umalize kusoma hapa. Mwambie mtu aliye karibu, aende nawe hospitali sasa hivi, iwe KCMC, Mawenzi au Mount Meru, mapokezi ya dharura, saa yoyote.

Huenda umewahi kujaza ile fomu ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, ambayo kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3 na jumla yake inafika 27. Swali la tisa ndilo linalouliza habari za mawazo ya kufa au kujidhuru, na ndilo ambalo watu huliwekea sifuri kwa mkono mwepesi. Kama uliliwekea sifuri isiyo ya kweli, njia rahisi kuliko zote ni kuomba fomu mpya: «Naomba niijaze tena ile fomu, ya mwanzo niliijaza haraka.» Huhitaji kutoa hotuba. Kalamu itasema.

Sema kwamba kuna mlango, usiseme kilichomo

Hapa ndipo nilipokosea kwa wiki nyingi, na ndipo ninapotaka usome taratibu. Nilidhani kurudi kwenye kweli maana yake ni kuitoa siri yote mezani, na kwa kuwa sikuwa na nguvu hizo, sikusema lolote. Sikujua kwamba kukiri uongo na kutoa siri ni mambo mawili, kwamba la kwanza linaweza kufanyika bila la pili, na kwamba la kwanza peke yake linatosha kuirudisha tiba kwenye njia yake.

Fanya mwanzoni. Ukisubiri katikati, mazungumzo yatakuwa yameshachukua sura na utaona haya kuyakatiza. Ukisubiri mwisho, utalisema mlangoni kama nilivyozoea. Amkia, kaa, na kabla hajauliza habari za wiki, sema sentensi uliyokuja nayo. Iwe fupi, isiwe na maelezo, na isianze na «samahani sana mama naomba unisamehe», kwa sababu ukianza na kuomba msamaha utatumia dakika kumi ukibembelezwa na kutoka bila kusema. Mimi niliiandika kwenye kiganja kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

«Mama, kabla hatujaanza, hili daftari si la kweli. Nimelijaza kwenye gari. Na la wiki zilizopita pia.»

Alivua miwani akaiweka juu ya daftari. Sikujua ni kwa nini, lakini miwani ile ilinisaidia, maana niliitazama yenyewe badala ya kumtazama machoni. Akasema, «Asante kwa kuniambia, mwanangu. Ulipokuwa unalijaza, ulikuwa unaogopa niseme nini?» Nikamwambia niliogopa aone amefanya kazi bure. Akauliza, «Na kingine?» Nikasema kingine kipo, ila leo siwezi. Akajibu, «Basi leo tusikiseme. Tuzungumze tu hicho kinachokuzuia.»

Tulizungumza kinachonizuia kwa kikao kizima. Sikutaja mkopo hata mara moja. Nilitoka nikiwa na daftari jipya, na masharti yake yalikuwa mepesi: asubuhi nisiyoweza kujaza niiache tupu, kwa kuwa tupu ni jibu na la kubuni si jibu.

Kama mdomo unagoma, peleka karatasi na uombe aisome wewe ukiwepo. Ujumbe wa simu unafaa pia, lakini kumbuka nani mwingine anaishika simu yako nyumbani, na usiandike humo jambo ambalo hungetaka lisomwe kwa sauti mezani. «Kikao kijacho naomba tuanze na jambo ambalo sikulisema sawasawa» inatosha, na yeyote atakayeisoma ataona ni mambo ya kazi.

Baada ya hapo

Baada ya wiki mbili nilimpelekea daftari lenye kalamu tatu tofauti, mstari mmoja wa penseli, na asubuhi mbili tupu. Hakupiga hesabu yoyote. Alichukua penseli akazungushia sehemu mbili, akalisukuma kuelekea kwangu. Zote zilikuwa usiku wa Jumanne. Usiku wa kwanza nilipata usingizi saa tisa, wa pili saa kumi.

«Jumanne kuna nini?»

Jumatano ndiyo siku ya marejesho. Nilikuwa nimekopa shilingi 600,000 za kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya vikundi vya mtaani, mwezi wa Januari kwa ajili ya mahitaji ya shule, narejesha 70,000 kila Jumatano kwa wiki 12, na tayari nilikuwa nimechukua mkopo wa pili ili kulipa wa kwanza. Kila Jumanne usiku nilikuwa nasikiliza pumzi za mume wangu nikihesabu nitakachouza kesho, na nikiwaza wale kina mama wa kikundi wakiingia uani kubeba televisheni na mtungi wa gesi mbele ya majirani. Usingizi wangu haukuwa mgonjwa. Wiki tisa tulikuwa tumeutibu kwa kuzima simu mapema na kupanda kitandani saa tano, kwa sababu daftari langu la uongo lilikuwa limezifanya usiku zote zifanane, na pale ambapo usiku zote zinafanana hakuna anayeweza kuiona Jumanne.

Nilimweleza yote kwa dakika zisizozidi tano. Jambo nililolibeba kutoka Arusha mara tisa halikuzidi dakika tano.

Si kila mshauri atakuwa kama huyo. Ukimwambia mshauri kwamba ulidanganya, naye akakukaripia, au akakuhubiria, au akaanza kukuhoji kama karani wa mahakama, una haki ya kumwambia kwamba hilo limekuumiza, na asipoelewa una haki ya kutafuta mwingine. Mshauri anayemtaka mteja awe msafi kabla hajaingia atabaki na wateja wasafi wa kwenye madaftari. Na kama anayesoma hapa ni mshauri, nina ombi moja tu, kwamba aulize moja kwa moja. Wengi wetu hatusemi kwa sababu hatujaulizwa, na swali kama «kuna jambo ambalo unaona ni vigumu kuniambia?» lingeniokolea nauli nyingi.

Jiandae pia kudanganya tena. Hili halisemwi, na ni la kweli. Tulikubaliana kwamba nitamweleza mume wangu kuhusu mkopo, tukayapanga na maneno, na Ijumaa iliyofuata nilipoulizwa nilijibu, bila hata kufikiri, kwamba nimeshamweleza na amepokea vizuri. Mdomo ulisema «nzuri» wenyewe. Nililigundua nikiwa nimeshapita Boma Ng'ombe, nikirudi nyumbani, na kwa siku nne nikaanza ile kazi ya zamani ya kutunga alivyonijibu. Jumanne usiku, mume akiwa amelala, nilichukua simu nikaandika:

«Shikamoo mama. Lile nililosema Ijumaa kwamba nimeshalifanya, bado sijalifanya. Naomba tuanzie hapo.»

Jibu lilikuja asubuhi, nikiwa kwenye kifodi naelekea kazini.

«Marahaba. Sawa, tutaanzia hapo. Jana ulilala saa ngapi?»